Mkaidi au mgonjwa? Kijana anapozidiwa na pombe na bangi



Kuna swali ambalo wazazi wa Ihanda na maeneo mengine ya Karagwe na Kyerwa hawaachi kuuliza. Wapo wanaouliza kwa simu, wapo wanaouliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, wakiwa wamehakikisha jirani hasikii. Kijana amebadilika. Anakunywa, anavuta, vitu vya nyumbani vinapotea. Amesemwa, amechapwa, ameombewa, na bado. Sasa mzazi anataka kujua: huyu mtoto ni mkaidi au ni mgonjwa?

Tulijibu leo, kwa sababu jibu ndilo linaloamua utafanya nini kesho asubuhi. Ukiamua ni mkaidi, utachukua fimbo. Ukiamua ni mgonjwa, utamtafutia matibabu. Na mzazi anayekosea hapo anaweza kupoteza miaka miwili au mitatu ya ujana wa mtoto wake, miaka ambayo hairudi.

TUNAANGALIA MBALI, KITU KIPO UANI

Ukitaja dawa za kulevya mbele ya mzazi wa kijijini kwetu, mawazo yake yanakwenda Dar es Salaam: vijiwe vya mateja, kete za unga, sindano. Heroini ipo kweli na imeumiza familia nyingi nchini. Lakini kijana wa Ihanda kwa kawaida haanzii huko. Anaanza na kilicho karibu naye: rubisi, gongo, bangi, sigara na ugoro.

Fikiria namna mtoto wetu anavyokutana na pombe kwa mara ya kwanza. Ndizi zimeivishwa, zimekamuliwa, juisi imechanganywa na mtama wa kukaanga, imeachwa ichachuke. Mtoto wa miaka minane anatumwa apeleke jagi kwa babu. Njiani anaonja. Kwenye harusi au ubatizo mtu mzima anampa kidogo, "achangamke". Watu wanacheka akiyumba. Akifika miaka kumi na minne, anajua ladha ya pombe kuliko anavyojua ladha ya soda.

Halafu inakuja gongo. Hii ni pombe iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, hivyo kileo chake ni kikali mara kadhaa kuliko rubisi. Haina lebo, na anayeinywa hajui nguvu yake. Mwaka 2017, kuanzia tarehe 1 Machi, Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba vilikuwa rahisi kununuliwa na kufichwa hata na wanafunzi. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini gongo haikuwahi kuhitaji kiroba. Inamiminwa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye shilingi mia chache za kibarua cha kuchuma kahawa anaipata.

Kwa hiyo mzazi anayesubiri kuona sindano ndipo aamke, ataamka amechelewa.

NANI NI MGONJWA?

Si kila kijana aliyeonja pombe au kuvuta bangi ni mgonjwa. Wengine wanajaribu mara mbili tatu kisha wanaacha. Hawa nao wanahitaji kukanywa na kuelekezwa, kwa sababu hata kulewa mara moja kunaweza kuleta ajali. Ugonjwa tunaousema leo ni uraibu, yaani hali ya mtu kushindwa kujizuia hata pale anapoona mwenyewe kwamba anaharibikiwa.

Wataalamu wa afya ya akili wana kipimo chake. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, toleo la mwaka 2013, unaorodhesha dalili 11 na kuangalia miezi 12 iliyopita. Nimeziweka kwa lugha yetu, uzisome polepole ukimfikiria kijana wako:

1. Anatumia nyingi au kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Alisema glasi moja, amerudi usiku wa manane.

2. Ametaka kuacha au kupunguza, ameshindwa.

3. Muda wake mwingi unaishia kutafuta, kutumia, au kulala akisubiri nguvu zirudi.

4. Anapata hamu kali inayomzidi.

5. Anashindwa wajibu wake: shule, palizi, kibarua, bodaboda aliyokabidhiwa.

6. Anaendelea ingawa matumizi hayo yanamgombanisha na watu.

7. Ameacha mambo aliyoyapenda. Alikuwa haachi kwenda mpirani au kwaya, sasa haendi.

8. Anatumia mahali pa hatari, kwa mfano anapakia abiria akiwa amelewa.

9. Anaendelea ingawa anajua inamdhuru mwili au akili.

10. Kiasi cha zamani hakimtoshi tena, anahitaji zaidi.

11. Akikosa anaumwa: anatetemeka, anatoka jasho, hana usingizi, ana hasira. Vijana wanaiita arosto.

Dalili mbili au tatu zinaonyesha ugonjwa ulio katika hatua nyepesi. Nne au tano ni hatua ya kati. Sita na kuendelea ni hatua nzito. Kumpima rasmi ni kazi ya mtaalamu, lakini wewe unayeishi naye ndiye utakayeziona kwanza.

Kwa hapa kwetu kuna ishara nyingine ambazo hazimo katika vitabu. Gunia la maharage linapungua bila maelezo. Kuku wanatoweka. Unafika shambani unaambiwa kahawa iliyo mtini imeshauzwa butura kwa mtu usiyemjua, na aliyepokea hela ni mwanao. Mzazi huona wizi tu hapo. Mshike kwa wizi, sawa, lakini jiulize pia ile hela imekwenda wapi.

KICHWANI KUNATOKEA NINI?

Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Sehemu inayochelewa zaidi kukomaa ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kungoja, kupima madhara na kusema hapana. Sehemu inayotafuta raha yenyewe inawahi. Ndiyo maana kijana wa miaka 16 anafanana na pikipiki mpya yenye breki zisizokazwa.

Pombe, bangi na dawa nyingine huamsha kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ile inayomwambia mtu, "hiki ni kizuri, kirudie." Chakula kitamu nacho huiamsha, na kusifiwa pia. Lakini dawa za kulevya huiamsha kwa kishindo. Ikizoeleka, ubongo unajirekebisha: raha ndogondogo za maisha hazisikiki tena, na bila kile kinywaji kijana anajisikia vibaya. Mwanzoni alikunywa ili afurahi. Sasa anakunywa ili asiumwe.

Umri wa kuanza una uzito mkubwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 katika kila 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 katika kila 100. Kwa bangi, wataalamu wanakadiria kwamba karibu mtumiaji mmoja kati ya 10 huwa tegemezi, lakini kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni mmoja kati ya 6. Bangi kali inayotumiwa mara kwa mara tangu ujana inaongeza pia hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Basi ule mkupuo wa njiani wa mtoto wa miaka minane si mchezo.

Urithi nao upo. Tafiti za familia na mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya hatari ya ulevi hutokana na kurithi. Kama baba au babu alizidiwa na pombe, mwambie mtoto waziwazi kwamba yeye anapaswa kuwa mwangalifu kuliko wenzake, kama vile ungemwambia kuhusu kisukari cha ukoo.

Na kuna mzigo wa moyo. Mkoa wetu una vijana wengi waliolelewa na bibi baada ya kupoteza wazazi. Wapo waliofeli kidato cha nne na hawana wanalofanya. Wapo waliofanyiwa ukatili na hawajamwambia mtu. Kijana wa namna hiyo akigundua kwamba gongo inanyamazisha maumivu kwa saa tatu, utamkataza kwa maneno matupu mpaka uchoke.

FIMBO, KUFUNGIWA NDANI NA KUOZESHWA

Jibu la swali letu ni hili: kijana aliyefika hatua ya uraibu ni mgonjwa. Ana makosa yake na atawajibika kwayo, lakini ugonjwa wake hautibiwi kwa adhabu. Hebu tuangalie njia tulizozoea.

Fimbo. Inamwongezea aibu na maumivu, na yeye anajua dawa moja tu ya maumivu. Jioni atairudia.

Kumfungia ndani mpaka "pombe imtoke". Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akisimamishwa ghafla anaweza kupata kutetemeka na jasho ndani ya siku ya kwanza, degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Kijana wa aina hiyo aachishwe pombe chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, wanaoweza kumpa dawa za kumtuliza na vitamini B1 ambayo walevi hupungukiwa nayo.

Kumpeleka kwa mjomba Mwanza au Dar es Salaam. Anahama na ugonjwa wake, anafika mahali ambapo vitu ni vingi zaidi na wanaomfahamu ni wachache.

Kumwozesha. "Apate mke, atatulia." Sasa kuna binti wa watu anayepigwa, na baada ya mwaka kuna mtoto mchanga katika nyumba isiyo na chakula. Usimpe binti wa mwenzako kazi ya hospitali.

Kusema amerogwa. Familia inauza ng'ombe kumlipa mganga, na wakati huo ugonjwa unatoka hatua nyepesi kwenda nzito. Maombi ni jambo jema, yana faraja, na kanisa au msikiti unaweza kumpa kijana marafiki wapya. Yaende pamoja na matibabu.

Sisi watu wa Kagera tuna somo letu wenyewe katika hili. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, wakasema ni uchawi, wakawaficha wagonjwa vyumba vya nyuma. Familia zilianza kupata nafuu pale ugonjwa ulipotajwa kwa jina lake, watu wakapima, dawa zikaja, wakazinywa. Leo mtu anakwenda kliniki yake na kurudi shambani kwake. Uraibu tunaufanyia sasa tulivyoufanyia ugonjwa ule miaka ile ya mwanzo: tunauficha, na unatumaliza.

ONGEA NAYE HIVI

Chagua wakati hajalewa, na wewe hujakasirika. Asubuhi ni nzuri. Shambani ni pazuri zaidi, mkipalilia pamoja, kwa sababu hamtazamani usoni na maneno hutoka kwa urahisi.

Anza na ulichokiona, usianze na hukumu. "Mwanangu, wiki hii umerudi usiku mara nne. Mpirani huendi tena. Nina wasiwasi na wewe." Kisha nyamaza. Akikaa kimya, vumilia kimya hicho. Akisema, usimkatize.

Muulize pombe au bangi inamsaidia nini. Swali hili huwashangaza vijana, na majibu yake huwashangaza wazazi. Utasikia habari za usingizi uliokimbia, deni, mwalimu, au msiba ambao ulidhani umeshapita.

Akikubali kwamba ameshindwa kuacha, mwambie: "Hili ni tatizo linalotibika, na mimi nitakwenda na wewe." Akikataa, usivunjike moyo. Kama kuna shangazi, bibi au mjomba anayemheshimu, mwombe aongee naye kwa siri. Wakati huohuo weka mipaka bila matusi: hela mkononi hapewi, ada inalipwa shuleni moja kwa moja, pikipiki haendeshi akiwa amelewa.

PA KWENDA

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili kwa tatizo la pombe au dawa za kulevya. Usiseme "ana malaria haiponi". Ukificha ugonjwa utapewa dawa ya ugonjwa mwingine. Kama hali ni nzito, omba rufaa. Huku kwetu Karagwe kuna Hospitali ya Nyakahanga, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba. Zaidi ya hapo kuna Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma.

Wengi wamesikia habari za methadoni. Kliniki ya kwanza ya dawa hiyo Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na kwa Kanda ya Ziwa huduma ipo Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Ieleweke kwamba methadoni ni kwa wanaotumia heroini na dawa za jamii yake. Haitibu pombe wala bangi. Kwa hizo, tiba kubwa ni ushauri nasaha unaorudiwa kwa wiki na miezi, dawa za kusaidia pale inapohitajika, na familia iliyofundishwa namna ya kuishi na mgonjwa.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu ya bure, 119.

Kuna hali zisizosubiri kesho: amezimia na haamki, anapumua kwa shida, amepata degedege, anaongea na watu wasiokuwepo, au anasema anataka kufa. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, usimnyweshe maziwa wala kahawa, usimwache peke yake, mkimbize hospitali.

Na akipona kisha akarudia? Hutokea kwa wengi, kama mgonjwa wa presha anavyoacha dawa na kupanda tena. Mrudishe kliniki. Kurudia mara moja hakufuti miezi sita aliyokaa bila kunywa.

KUHUSU PIPA LA RUBISI

Mwisho nitaje jambo ambalo wengi wangependa niliruke. Katika nyumba nyingi za huku, pombe ndiyo inayolipa ada na kununua sare. Mama anayepika pombe anajua bei ya daftari kuliko mimi. Siwezi kumwambia aache kesho bila kumwambia atakula nini.

Ila yapo yanayowezekana kuanzia leo. Mtoto asitumwe kununua, kupeleka wala kuuza pombe. Asiwepo kilabuni jioni akihudumia. Pombe ifungiwe. Hakuna kuonjeshwa, hata kwenye sherehe, hata kwa mzaha. Juisi ya ndizi ambayo haijachachuka ni tamu na inatosha kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, na gongo ni haramu kisheria kwa umri wowote. Haya yanaweza kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji na kila kitongoji kikajua nani anauzia watoto.

Baba nawe, ukirudi unayumba kila jioni, hotuba yako ya asubuhi haina mwenyewe. Kama nawe umesoma zile dalili 11 ukajikuta ndani, nenda zahanati pamoja na mwanao. Mtakuwa wawili njiani.

Hesabu zile dalili usiku wa leo. Ukikuta mbili au tatu, usisubiri zifike sita.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia kijana aliyemaliza matibabu: namna ya kumpokea nyumbani, kumrudisha shule au kazini, na maneno ya kuepuka.